Nimebishania bei hadi kompyuta ikatolewa kadi

Leo nimeaibishwa na mdomo wangu mwenyewe.

Mjukuu wangu Mwende anatengeneza video za harusi, akichoka anacheza gemu. Leo alikuwa anaundiwa kompyuta, na vipande vyote amevichagua yeye.

Fundi wa kompyuta kule Kayole akataja bei. Mwende akatoa simu alipe.

Nikamwambia, "Weka hiyo simu. Wewe hujui kununua."

Nikambana fundi mpaka akashusha bei.

Mwende akaninong'oneza, "Shosho, mbona amekubali haraka hivyo?"

"Nyamaza ujifunze."

Kufika nyumbani, video inakwama kila mara. Gemu ndiyo haifunguki kabisa. Mwende akafungua lile kasha, kumbe kadi ya picha, ile inayoendesha video na gemu, haimo.

Nikampigia fundi. "Mimi nauza mitumba. Mteja akibishania shati, silikati mkono mmoja."

Akanijibu polepole, "Mama, kwa bei ile kadi haingeweza kuingia. Nilidhani unajua."

Na video ya harusi ya watu inatakiwa Jumamosi. Mwende hanisemeshi.

Kesho narudi Kayole kumalizia bei ya kwanza ili kadi iwekwe, na sitafungua mdomo.

Lakini kabla hamjanicheka, semeni ukweli: nani kati yenu angelipa bei ya kwanza?