Mtani Ndani ya Shati la Baba

Mwaka ule nilikuwa nasoma shahada ya pili, nakaa hosteli za Mabibo, na kazi yangu ilikuwa kuifundisha kompyuta kufikiri juu ya vitendo na mabadiliko. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni jambo la maana. Kompyuta ukiiambia kwamba mtu amehamisha ndoo kutoka jikoni kwenda uani, inajua ndoo iko uani, lakini haijui kama paa bado lipo. Haijui kama ukuta umebaki na rangi yake, wala kama aliyeibeba ndoo bado ana miguu. Yote hayo lazima uiandikie kwa lugha ya mantiki. Na kwa kuwa visivyobadilika havina mwisho, wataalamu wanahangaika kupata kanuni moja ya kuvifunika vyote: kila kitu kinabaki kilivyokuwa, mpaka kitendo fulani kikiguse.

Vitabuni mifano yote ni ya matofali juu ya meza. Matofali yalinichosha, nikatumia nyumba yetu ya Mtoni, na wote waliomo nikawaingiza, pamoja na kuku. Jumapili moja nilimsomea baba.

"Yaani hiyo kompyuta yako," aliuliza, "haijui kwamba nikihamisha ndoo ukuta haubadiliki?"

"Haijui mpaka iambiwe, baba."

"Na nyie mnakaa chuo kizima mnaiambia?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akataka kujua kama ufunguo wake nao umo. Nikamwambia umo. Ulikuwa ufunguo wa kufuli la koki ya kisima. Baba alichimbisha kisima hicho baada ya miaka mingi ya kugonga milango ya majirani na ndoo mkononi, akaapa hataomba maji tena maishani mwake, na ufunguo akawa hampi mtu. Ulikaa mfukoni mwa shati lake. Nilikuwa nimeandika hivi: ufunguo uko mfukoni, mfuko uko kwenye shati, na shati likihama, vyote vinahama nalo. Hiyo ya mwisho ilinitoa jasho kweli kweli. Baba akasema hata kuku anaijua.

Mwezi uliofuata alifariki alfajiri, usingizini. Nilipofika kutoka Mabibo turubai lilishafungwa uani, watu wamejaa, mazishi yamepangwa baada ya swala ya alasiri. Koki ilikuwa na kufuli lake na ufunguo hauonekani. Majirani walileta maji kwa ndoo, mama akayakataa. Alikuwa amekaa mkekani, sauti imemkauka.

"Haoshwi kwa maji ya kuomba," alisema. "Na kufuli lake halivunjwi. Tafuteni."

Shehe akatazama saa. Shangazi akamwaga sukari yote kwenye sinia, akachungulia ndani ya kopo. Shemeji akapanda darini akakwama huko, ikabidi watafutwe watu wa kumshusha. Mzee mmoja nisiyemjua alikuwa amemkamata kuku na anampapasa tumbo. Nami nilisimama katikati ya ua, machozi yananitoka, nakokotoa kwa sauti: ufunguo mfukoni, mfuko kwenye shati, shati kwenye msumari wa chumbani. Nikakimbilia chumbani. Msumari ulikuwa mtupu. Programu yangu ingeapa kwamba shati bado liko pale, maana katika vitendo vyote nilivyoiandikia sikumkumbuka mtani.

Mtani wa baba alikuwa barazani, kwenye kiti cha baba, amevaa shati la baba na kofia ya baba, amekunja nne, anaulizia chai yake. Kabila lake na letu ni watani tangu babu zetu kule kusini walipochoka kupigana, na msibani mtani anaruhusiwa karibu lolote. Ukimkasirikia, mkosaji ni wewe. Tangu asubuhi alikuwa akiwapokea waombolezaji na kumwuliza kila mmoja kwa nini wamejaa nyumbani kwake bila taarifa. Watu walipekua hadi kuku, hakuna aliyefikiria kumpekua yeye.

"Mzee, naomba ufunguo," nilisema. "Uko mfukoni."

Hakunitazama. "Ndiyo unavyomwomba baba yako? Chuo chote hicho, salamu huna?"

"Baba yuko ndani, bado hajaoshwa. Alasiri inakaribia."

"Nani kakudanganya? Mie nipo hapa. Nimekaa pale pale ninapokaaga."

Mjomba akamchomekea noti. Akairudisha. "Mwenye nyumba hahongwi kwake," alisema, na watu wakacheka. Mimi nilimchukia. Nilitaka kumvua shati lile kwa nguvu mbele ya shehe. Lakini nilipolitazama, kola ilikuwa ile ile iliyochakaa, mfuko umevimba pale pale, na kanuni yangu mwenyewe ilikuwa upande wake. Kiti kilikuwa mahali pake na kofia ilikuwa imeinamia sikio la kushoto.

Nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

Mama aliinua kichwa.

"Marahaba," alijibu mtani, kwa sauti ya baba, ile ya kukwaruza. "Umekula?"

Hilo ndilo neno la kwanza baba aliloniambia kila Jumapili, kabla sijavua viatu. Nililia kama mtoto, uso wangu kwenye shati, na shati linanukia yeye. Mtani aliniacha nilie. Kisha akaingiza vidole mfukoni, akatoa ufunguo, akaniwekea kiganjani na kunikunjia vidole. Naye machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti hakuibadilisha.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nenda kanioshe."

Nikaenda kisimani, nikafungua kufuli. Maji yakatoka, ya chumvi kidogo, kama siku zote.