Mtungi wa Oksijeni Matangani

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu lilikuwa kulalamika kwamba chai haina tangawizi. Alfajiri alifariki, mtungi wa oksijeni niliomkodia kwa muuzaji wa mtaa wa Usagara ukiwa kando ya kitanda.

Asubuhi, tukiwa barazani tunangoja jeneza, mtu mmoja wa Kigombe alinipa mkono wa pole, asiuachie.

"Mama yangu anahema kwa shida," alisema. "Muuzaji hana mtungi mwingine ila huo wenu."

Ami yangu alimkata jicho. "Maiti yumo ndani, nawe waja kudai mtungi?"

"Sidai, ami. Nangoja tu."

Ndivyo lilivyo soko la pumzi mjini kwetu, wasomaji: muuzaji ni mmoja, na wateja hukutana matangani.

Niliingia chumbani. Mtungi ulikuwa bado unapuliza, hewa ikipotea bure. Kati ya wanawake waliokuwa wakisoma Yasini, hakuna aliyeona ni haki yake kumkatia marehemu hewa.

"Tulikungoja wewe, mwanangu," alisema mama mkwe.

Nilifunga koki, nikauburuta mtungi hadi mlangoni. Yule mtu akaushika upande wa pili, tukautoa kabla jeneza halijaingia.