Beseni la Kitanda Namba Sita

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vyeupe ambavyo baba alininunulia dukani kwake mwenyewe, Utemini, mjini Singida. Sista Mkuu aliviangalia, akaniambia nivue, kwa sababu asubuhi ile ilikuwa zamu ya kumwaga maji sakafuni na kusugua. Nilisugua wodi ya wanaume pekupeku mpaka saa nne. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi kule Tabora, wenzangu wengi walikuwa wameishia la nane, na mimi ndiye niliyepewa brashi. Katika daftari langu la siku ile niliandika: "Leo sijajifunza chochote." Nilikuwa na daftari tangu shule, na nilikuwa na haraka ya kuandika kama nilivyokuwa na haraka ya kila kitu.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ya misheni, Iramba, siku za mwisho mwisho za Mwingereza. Mafunzo yalikuwa miaka mitatu. Ninyi mnaosoma uuguzi leo mna vitabu na madarasa. Sisi darasa letu lilikuwa wodi, na kitabu chetu kilikuwa kadi ya wodi. Kadi hiyo ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye jina lako, na kila Jumamosi Sista Mkuu aliandika humo alama zako za wiki, kumi kwa kumi kama amefurahi, na hakuwa mtu wa kufurahi sana. Mwisho wa miaka mitatu alijumlisha kadi zako zote, na hapo ndipo cheti kilipotoka, au hakikutoka.

Kazi yetu kubwa ilikuwa vidonda. Watu walikuja kutoka mbali, miguu imeoza kuanzia kwenye muundi mpaka juu ya goti. Kuwaogesha wanaume ilikuwa kazi ya madresa wa kiume, wale wasaidizi wa wodini. Sisi wasichana tulipima joto, tulichemsha sindano, tulifunga vidonda. Unakwenda na beseni la maji ya chumvi yaliyochemshwa, unaosha, unaweka dawa, unafunika na gozi, yaani kitambaa kile chepesi chenye matundu, halafu bandeji. Kesho yake gozi limekauka, limeshikana na nyama. Mimi nililibandua mara moja, mgonjwa akapiga kelele, nikaenda kwa mwingine. Vitanda kumi nilimaliza kabla ya chai.

Mwenzangu Rebeka, msichana wa Kinyiramba aliyelala kitanda cha jirani na changu bwenini, hakubandua. Aliloweka. Alimwaga maji kidogo kidogo, akakaa anaongea na mgonjwa kwa Kinyiramba habari za mvua na ng'ombe, mpaka gozi likaachia lenyewe. Vitanda vinne, chai imepoa. Nikamwambia, "Wewe Rebeka utazeeka hapa hapa kitandani kwa watu." Akanijibu, "Na wewe mtoto wa mjini utaua mtu, halafu utamaliza mapema."

Kadi yake ilijaa tisa na kumi. Yangu, sita. Sita wiki hii, sita wiki ijayo. Nilikwenda kumwuliza Sista Mkuu kwa nini. Alikuwa mama wa Kizungu mrefu, Kiswahili chake alijifunzia kwa wagonjwa, kwa hiyo kilikuwa kizuri. Aliniambia, "Zuhura, mgonjwa si sakafu." Basi, akaendelea na kazi yake. Mimi sikuelewa hivyo. Nilielewa kwamba mimi ni Mwislamu wa mjini katika hospitali ya misheni, na Rebeka ni mtoto wa mzee wa kanisa. Mpaka leo sijui kama hilo halikuwemo kabisa. Nafikiri lilikuwemo kidogo.

Kulikuwa na desturi moja wodini ambayo hakuna aliyeifundisha. Wanyiramba wanaheshimu mkwe. Msichana aliyekwisha kuchumbiwa, ng'ombe wamekwisha kupelekwa kwao, baba wa mchumba wake ni mkwe tayari. Hawezi kumtaja jina, hawezi kumtazama usoni, sembuse kumshika paja. Sasa wodini siku moja mkwe analetwa, analazwa kwenye kitanda chako. Unafanyaje? Unaliweka beseni chini, kwenye miguu ya kitanda, unageukia ukutani. Husemi neno. Mwenzako aliye karibu akiona beseni liko chini, analiokota na kuendelea, na wewe unachukua mgonjwa wake. Sista Mkuu alijua. Beseni likiwekwa chini, yeye aliangalia dirishani.

Mwaka wa pili alikuja Bibi Mkaguzi kutoka serikalini. Ndiye aliyekagua mafunzo ya wauguzi kwenye majimbo, na alivaa saa ndogo iliyoning'inia kifuani. Wakati ule mtihani wa serikali ulikuwepo, ule ule kwa hospitali zote, lakini ulikuwa wa kujaribu tu, haukuhesabiwa katika alama za mafunzo. Alitukusanya chumba cha chakula akauliza kama tuna la kusema. Wenzangu waliangalia meza. Mimi nikasimama. Nilisema kadi ya wodi ni moyo wa mtu mmoja. Nilisema mtihani haujui dini ya mtu wala kabila lake, basi uhesabiwe. Nilisema kwa Kiingereza, ili aelewe vizuri. Aliandika. Rebeka alinivuta sketi nikae.

Mwaka uliofuata barua ikaja: mtihani nusu, kadi nusu, na asiyevuka mstari katika mtihani hapewi cheti hata kadi yake ikiwa imejaa. Kwenye daftari niliandika, "Nimeshinda," nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Mtihani wa kuandika ulipita bila taabu, nami nilimsaidia Rebeka kusoma, sikumnyima. Ukabaki wa vitendo. Bibi Mkaguzi aliweka karatasi za namba kwenye kikombe cha bati, kila mmoja akavuta kitanda chake. Nusu saa, kidonda kimoja, hakuna kuongea isipokuwa ukiulizwa. Mimi nilipata namba tano. Rebeka alipata sita. Mgonjwa wa sita alikuwa ameletwa jana yake jioni wakati sisi tuko kwenye kusoma, mzee mmoja mwenye kidonda kirefu cha mguu.

Nilikuwa nimekwisha kufungua bandeji ya mgonjwa wangu nilipousikia mlio wa beseni. Mlio mdogo tu, bati kwenye sementi. Niligeuka. Beseni la Rebeka liko chini, kwenye miguu ya kitanda, na yeye ametazama ukuta. Mzee naye alikuwa amelivuta blanketi lake mpaka juu ya kichwa, kumsaidia, ili asilazimike kumwona.

Bibi Mkaguzi aliuliza, "Huyu mgonjwa amekufa?" Dresa wa kiume mlangoni akajibu kwamba hapana, Bibi, ni mzima. Akamwuliza Rebeka kwa nini hafanyi kazi. Rebeka angesema nini? Kusema "huyu ni mkwe wangu" mbele ya mkwe mwenyewe, ni kumtukana. Aliendelea kutazama ukuta. Bibi Mkaguzi aliishika saa yake kifuani.

Mimi nilikuwa hatua mbili. Ningeweka gozi langu chini, ningeokota beseni. Ningepoteza alama, kwa sababu kuacha kidonda kilicho wazi ni kosa kubwa, tena kwenye mtihani nilioutaka mwenyewe. Sista Mkuu alikuwa amesimama mwisho wa wodi. Safari hii hakuangalia dirishani. Aliniangalia mimi. Nikageuka kwa mgonjwa wangu, nikaosha, nikafunga. Dakika ishirini na mbili. Beseni lilikaa pale mpaka kengele.

Matokeo yalipokuja, mimi nilikuwa wa kwanza. Rebeka alipewa sifuri ya vitendo, hakuvuka mstari. Kadi zake za miaka mitatu, zote alama tisa na alama kumi, zikarudishwa kwenye sanduku. Sista Mkuu aliandika barua kueleza. Jibu lilikuja kwamba mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, na hauwezi kuwa na mila za kila wilaya. Mtahiniwa anaruhusiwa kurudia mwaka. Baba yake alikataa arudie. Harusi ilikuwa inangoja.

Sista Mkuu aliniita ofisini kunipa cheti changu. Hakunikaripia. Heri angenikaripia.

"Uliliona beseni?" aliniuliza.

"Niliona, Sista."

"Basi chukua. Umekipata kwa haki."

Cheti hicho nilikifanyia kazi maisha yangu yote. Nilianzia zahanati ya Mungaa, peke yangu na dresa mmoja, pikipiki ya Mganga Mkuu wa Wilaya ikija mara moja kwa mwezi kama mto haujajaa. Huko nilijifunza kuloweka gozi. Hakuna aliyenifundisha, ila wagonjwa wa Mungaa ukiwaumiza leo kesho hawarudi, na kidonda kinarudi baadaye kibaya zaidi. Halafu hospitali ya mjini Singida, wodi ya wazazi, halafu Uhuru ukaja, halafu nikawekwa kufundisha. Nilikaa kwenye vikao vingi. Kila baada ya miaka michache swali lile lile linarudi mezani: mtihani wa taifa uhesabiwe katika alama za kozi au usihesabiwe, na kama ndiyo, kwa kiasi gani. Vijana wanasimama wanaongea kwa nguvu kama nilivyoongea mimi. Afisa mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, wewe hutoi jibu, unachoka tu." Ni kweli nilichoka. Ila jibu nililitoa kila mara, likaandikwa na kupitwa: mtihani uhesabiwe, kwa sababu bila huo mimi nisingetoka na sita zangu, lakini usifute miaka mitatu kwa nusu saa, na anayesahihisha awe mtu anayejua kwa nini beseni liko chini. Wakasema hilo haliwezi kuwekwa kwenye fomu.

Nilipostaafu nilipanda basi nikaenda kumtafuta Rebeka, upande wa Kiomboi. Tulikuwa hatujaonana tangu siku ile. Nilikuta mama mnene anapepeta mtama uani, akanitazama, akasema, "Mtoto wa mjini. Bado una haraka?" Nikamwambia magoti yamekataa haraka.

Alinisimulia habari za yule mzee. Rebeka aliolewa nyumbani kwa mzee huyo, na mguu wa mzee ulikuwa bado unaoza. Basi kila asubuhi Rebeka alisimama nyuma ya mlango, na mama mkwe akakaa ndani na beseni. Rebeka anasema, mama mkwe anafanya. Mwaga kidogo. Ngoja. Usivute. Sasa litaachia. Miezi minne. Mzee alipona akatembea mpaka mnadani, na hakuwahi kumtazama usoni hata alipokuwa anamshukuru. Alimshukuru kupitia kwa mjukuu. Majirani wakaanza kuja na vidonda vyao. Mpaka siku niliyofika mimi, kulikuwa na mtu kwenye benchi anangoja.

Nilikuwa nimebeba daftari la zamani. Aliliona kwenye mkoba, akauliza kama ni lile lile. Akaniambia nimsomee siku ya mtihani. Macho yake hayakuona vizuri tena. Nikafungua, nikasoma:

"Mtihani wa vitendo leo. Dakika ishirini na mbili. Mkaguzi hakuniuliza swali hata moja. Upepo mwingi. Viatu vinabana."

Halafu akauliza, "Na beseni?"

"Halimo," nikamwambia.

Alipepeta mtama wake kidogo, makapi yakaenda na upepo. Kisha akaweka ungo chini, akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Basi andika sasa," akasema. "Hakuna mwenye saa hapa."