Mlio wa Injini Baridi

Mume wangu hakuusikia mlio ule. Mimi ndiye niliyemwambia upo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashine za kufuma za kiwanda cha nguo, zikamla masikio kabla ya wenye kiwanda kumnyang'anya kazi. Wafanyakazi walipopunguzwa, enzi zile za ruksa biashara zilipofunguliwa, kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye pikapu ya mtumba kutoka Japani. Tukawa tunapanda nayo milimani Mgeta alfajiri, akina mama wa mboga wamekaa nyuma, na kushusha kabichi na njegere mjini. Yeye aliendesha, mimi nikasikiliza.

Tik, tik, tik. Sauti nyembamba, kavu, kama kucha inayogonga sufuria tupu. Ilianza injini ikiwa baridi, uani kwetu Kihonda, na kabla ya Mzumbe ilikuwa imenyamaza. Mwingine angeshukuru. Mimi nilizidi kutega sikio, maana kinachonyamaza bila kutengenezwa kimejificha tu, na sijawahi kupenda kitu kinachojificha.

Fundi wetu, mtu wa maneno mengi, alisema ni tapeti, valvu zimelegea. Akazirekebisha. Kesho yake mlio ukarudi, akazirekebisha tena. Tatizo ni kwamba gari lilimfikia likiwa limeshapata moto, halisemi kitu, naye akatuona kama watu waliompeleka hospitali mtoto asiyeumwa.

Wakati huohuo nikaanza kuumwa mimi. Kichwa kilinigonga njiani, na tukifika juu ninashuka kutapika kando ya barabara. Niseme wazi: nilikuwa nimeolewa miaka mingi na sijazaa. Kwetu Uluguru ukoo hufuata mama, na mimi ni binti pekee. Nisipozaa, nyumba ya mama yangu inaishia kwangu. Siku zangu nazo hazikuwahi kuwa na mpangilio, kwa hiyo sikuwa na pa kuhesabia. Mama alikuwa akiishi hukohuko tulikopakia mboga. Aliponiona nimeinama natapika, alinishika mgongo akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike baba.

“Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu,” alisema. Jioni ile alianza kuchana khanga zake kuukuu ziwe nepi.

Mume wangu hakuhitaji kuambiwa kwa sauti. Pikapu ile ilikuwa na hita, kitu kisicho na kazi kwenye joto la Morogoro, lakini ukungu wa Mgeta unagonganisha meno. Akawa anaiwasha mpaka mwisho, anapandisha vioo, koti lake ananifunika magotini. Alisema baridi isimpate mtoto. Kadiri alivyonikinga ndivyo nilivyozidi kuumwa, na kadiri nilivyoumwa ndivyo tulivyozidi kufurahi. Jumapili tulipumzika nyumbani, kichwa kikawa chepesi, nami nikashikwa na hofu kwamba mtoto ameondoka. Jumatatu nikitapika tena, roho inatulia.

Lakini mume wangu naye alianza kupiga miayo. Kwenye kona za juu, ambako upande mmoja ni mlima na wa pili ni ukungu usio na chini, nilikuwa namfinya paja asisinzie. Alisingizia kuamka mapema. Akina mama waliokaa nyuma, wakipigwa na baridi, waliamka mapema kama sisi na hawakuumwa hata mmoja. Nililiona hilo. Sikutaka kulifikiria.

Asubuhi moja nilimfinya na hakushtuka. Gurudumu lilitumbukia mtaroni, kwa bahati upande wa mlima. Akina mama walishuka wakisali. Mmoja alisema gari hili limetupiwa jambo, na mimi, ambaye huwa nabishana kwa kila neno, nilikwenda kutafuta mawe ya kuwekea gurudumu.

Nilimtaka fundi aje nyumbani kabla gari halijawashwa. Alikuja alfajiri, akaliwasha likiwa baridi, na kwa mara ya kwanza akausikia mlio wenyewe. Alilowesha kiganja akakisogeza pale bomba la ekzosi linapoungana na injini, kisha akamwita mume wangu aweke chake. Mume wangu akatikisa kichwa polepole. Moshi ulikuwa ukimpumulia mkononi kila injini ilipogonga. Bolti moja ilikuwa imekatika, na pembeni yake kumejaa masizi. Fundi akaeleza kwamba chuma kikipata moto hupanuka na mlio hufifia, lakini mlimani injini inatema moshi tena, ila kelele za barabara zinafunika. Halafu akachungulia matundu yaliyo wazi nyuma ya injini, yale ambayo kupitia kwake feni ya hita ilikuwa ikivuta hewa na kuiingiza tulipokaa. Akajifuta mikono, akanigeukia.

“Shemeji,” aliniuliza, “mkiwa njiani huwa mnaumwa kichwa? Na kutapika?”

Mume wangu akaniuliza fundi amesema nini. Nikamwambia amesema bolti imekatika.

Fundi akaitoa bolti ile, akaweka mpya na gasketi, akaziba matundu kwa mpira. Kulipokucha injini ilinguruma bila tik hata moja. Tukapanda mlima. Kila kona nilikingoja kichefuchefu kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja, na hakikuja. Kwa mama nilikula ugali nikamaliza sahani. Mama aliitazama sahani, akaenda kuosha vyombo.

Tulipoanza kushuka, mume wangu alipandisha kioo, akawasha hita, akanifunika koti. Akaniuliza kama nimetapika leo.

“Nimepona,” nilisema.

Akanisogezea sikio, akitabasamu. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi na akina mama walikuwa kimya. Ilibidi niseme kwa sauti ya kiwandani, ile aliyozoea kusemeshwa kwenye mashine.

“Sina mimba. Ulikuwa moshi.”

Aliitikia kwa kichwa, akabadilisha gia. Hita aliiacha inawaka mpaka tukafika Mzumbe, kwenye joto.