Korongo wa Dembo Letu

Siku yangu ya kwanza kazini, Konservateri, mkuu wetu wa ulinzi wa wanyama, alinikuta kituoni nimekumbatia bunduki. Baba yangu alivunja mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Kakontwe hadi kifua kikamshinda. Mimi nilijiona nimepata kazi ya heshima, kazi ya gadi, mlinzi wa wanyama. Konservateri aliniondolea ile bunduki, akanionyesha nyasi.

"Weye mutoto, lala chini, angalia. Kazi ya gadi iko macho."

Nikalala. Mbele yangu lilitanda dembo, bonde la nyasi ambalo masika hujaa maji, upande wa ziwa Tshangalele. Korongo wawili walikuwa wakicheza, mabawa wazi, wakirukiana kama watu kwenye harusi. Nilisahau hata kwamba nimelowa.

Vijana hudhani gadi ni mtu wa kukamata watu. Kazi yetu kubwa ilikuwa moto. Mvua zikikatika, nyasi zingali na ubichi, tulichoma vipande vya pembeni. Tuliuita moto wa mapema. Usipofanya hivyo, moto wa kiangazi hujiwakia wenyewe na kula kila kitu.

Lakini kukamata kulikuwako. Mvuvi mmoja, Papa Ilunga, nilimkuta na makinda mawili ya korongo kikapuni, akiyapeleka Likasi kuyauza. Alifungwa. Mke wake, Mama Kapinga, hakunisalimu tena. Nilihamishiwa hifadhi ya Kundelungu, nikarudi baada ya miaka mingi kichwa kimejaa mvi, na bado alinipita kama mtu apitavyo kisiki.

Ndipo walipokuja watu wa mtambo wa umeme wa jua, umeme wa kupelekwa migodini. Konservateri wa wakati huo, kijana wa ofisini, aliniambia niwasindikize. Niliwasindikiza. Walipigilia vigingi dembo zima.

Kwenye mkutano wa kijiji injinia wao alisema kwa adabu, "Jua haliko na moshi. Na hapa hakuna kitu, ni majani tu."

Kuhusu moshi alisema kweli. Na umeme unahitajika: hata mimi, nyumbani Likasi, nimekula mara nyingi kwa mshumaa, umeme umekatika.

Mama Kapinga akasimama. "Bwana yangu alifungwa juu ya makinda mawili. Mulituambia hii dembo iko ya korongo. Tukaiacha, tukalala na njaa. Leo munasema hakuna kitu? Basi bwana yangu alifungwa juu ya nini?"

Akanigeukia, mara ya kwanza tangu siku ile ya kikapu.

"Papa gadi, sema weye. Kuko kitu ao hakuna?"

Nilikuwa nimevaa sare. "Kuko korongo," nikasema. "Wanataga humu, na hawana pengine pa kwenda."

Konservateri alinivuta mkono. "Papa, ukivaa nguo ya serikali hausemi vile."

Mashine zilipofika, wanawake walikaa barabarani na watoto mapajani. Polisi waliwaondoa mmoja mmoja. Mimi niliambiwa nikapumzike, nimezeeka.

Mvua za kwanza zilipoanguka nilikwenda kutazama. Vioo vilikuwa vimefunika dembo, viking'aa kama ziwa. Mama Kapinga alisimama kwenye seng'enge, na sufuria yake ya kuchotea maji mtoni. Korongo walitokea, wakazunguka, wakaanza kushuka huku wamenyoosha miguu. Walidhani ni maji. Wa kwanza alijipiga kwenye kioo, akateleza, hakuinuka.

Mama Kapinga aliokota jiwe, akaanza kuipiga sufuria. "Papa, piga kelele! Waende!"

Nikapiga makofi, nikapaza sauti hadi koo likauma. Wakapanda tena juu, wakashika njia nisiyoijua. Yeye akakaa chini akalia, nami nikakaa kando yake.

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani, nasema nililinda korongo. Siwaambii kwamba mvua zinapoanza, mimi na Mama Kapinga husimama pale kwenye seng'enge kuwafukuza. Kila mwaka wanapungua. Kuna siku tunangoja kutwa, mbingu tupu, hata mmoja haji. Siku hiyo tunamshukuru Mungu, tunarudi nyumbani.