Togwa kwenye Kaburi la Jirani

Nikifunua ndoo ya togwa iliyochachuka, ile harufu ya kimea hunirudisha mlimani, siku tuliyopanda kwenda kuyaona mahame yetu. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa kule bondeni, na tangu lori lituteremshe pale, bibi hakuwa amecheka. Alikuwa akisema babu tumemwacha kaburini na kiu, hatatusamehe.

Basi baada ya mavuno watu wakapanda na ngoma na vibuyu, kwenda kutambika. Tulikuta kuta zimeyeyuka kwa mvua, yamebaki matuta tu ya udongo mwekundu, na majani yametupita vichwa. Bibi alizunguka weee, mwisho akapiga magoti penye kaburi moja, akamwaga kibuyu kizima cha togwa huku akimlilia babu amsamehe.

"We mama! Huyo ni mume wangu!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yetu wa zamani. Yeye na bibi walikuwa hawasalimiani tangu wagombane kwa sababu ya kuku. Ngoma zikanyamaza. Nikashika khanga ya mama.

Jirani aliitazama ile togwa ikinywewa na udongo, kisha akanyanyua kibuyu chake mwenyewe.

"Haya, inuka. Wa kwako yuko wapi? Naye asilale na kiu."

Wakaingia majanini wameshikana mikono, majani yakawafunika. Mara kikasikika kicheko kikubwa, cha kukatika mbavu. Nikamuuliza mama ni nani yule.

"Bibi yako," akasema, akifuta macho.