Wanga Juu ya Buti Nyeusi

Juzi nilikuwa saluni, pale Makiso, nasukwa nywele. Televisheni ilikuwa ukutani, sauti imezimwa kwa sababu mwenye saluni hapendi kitu kishindane na redio yake. Kwenye kioo cha televisheni watu walikuwa wanateleza juu ya barafu, wawili wawili, wanawake buti nyeupe, wanaume buti nyeusi. Kisha akatokea mwanamke mmoja peke yake, na buti zake zilikuwa nyeusi. Msichana aliyekuwa ananisuka alisimamisha vidole, akaniita kama wanavyoita dada mkubwa.

"Yaya, angalia. Juu ya nini ule mwanamuke anavaa botine ya wanaume?"

Nilisema sijui kwa nini. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza, na mimi nilitaka nywele ziishe. Lakini wewe una nafasi, basi kaa nikusimulie.

Nilikulia Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, nyumba ya bati yenye uwanja mdogo na kuku wasiosikia la mtu. Mama yangu alifanya biashara ya mto, leo yuko Isangi, wiki ijayo yuko mbali zaidi, na mimi nilimwona boti ilipomrudisha. Aliyenilea ni bibi yangu, na bibi hapa Kisangani tunamwita koko. Asubuhi niliamshwa na mchi wake. Alikuwa anatwanga ndizi na mihogo iliyochemshwa kutengeneza lituma, na harufu ya makaa na samaki wa kukaushwa ilikuwa imeshaingia hadi kwenye blanketi. Kabla ya shule nilichota maji, nikafagia uwanja, nikafukuza kuku, nikafagia tena.

Koko alikuwa mjane. Babu, mtu wa Yanonge, alifariki kabla sijaanza shule, na tangu hapo koko alivaa nyeusi: kitenge cheusi, blauzi nyeusi, kitambaa cha kichwa cheusi. Kwao mjane havui nguo hizo mwenyewe. Ni lazima ndugu za marehemu waje, kuwe na chakula na kinywaji, wao ndio wamvue. Ndugu za babu walituma salamu kila boti ilipofika. Watakuja maji yakipungua. Watakuja baada ya mavuno. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wazito tu. Na wakati wanajivuta huko, koko hakuruhusiwa kucheza hata kwenye harusi ya mlango wa pili. Alikaa kwenye benchi na wajane wenzake, mikono mapajani, na mimi niliyekuwa pembeni yake niliona mabega yanavyomsumbua. Alipenda kucheza kuliko kula.

Sasa nije kwenye patini. Katika ukumbi wa parokia, mjini, kulikuwa na sanduku kubwa la patini za magurudumu. Buti ndefu za ngozi, za kufunga kamba, na chini magurudumu manne manne. Zililetwa na watu wa zamani, wakaondoka wakaziacha, na hakuna aliyekumbuka ni akina nani. Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyezitunza. Jumamosi alitukusanya pale ukumbini, juu ya sakafu ya saruji nyekundu aliyotusugulisha wenyewe kwa brashi, akatufundisha. Mimi nilikuwa naye darasani pia, kwa hiyo naweza kukuambia kwamba alifundisha patini kama alivyofundisha kugawanya: jibu ni moja, ukilikosa unaanza upya.

Ukutani alikuwa amepigilia kifuniko cha katoni moja ya zamani. Kilikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke juu ya barafu, wameshikana mikono. Mwanamke buti nyeupe, mwanamume buti nyeusi. Sisi barafu tuliijua ile inayouzwa sokoni kupozea samaki, lakini picha ile kwa mwalimu ilikuwa sheria. Wasichana walivaa nyeupe, wakazunguka na kuinua mikono. Wavulana walivaa nyeusi, wakaruka na kukimbia. Ukiuliza kwa nini, alinyoosha rula yake kuelekea kifuniko, na maswali yakaishia hapo.

Mimi nilikuwa msichana wa katikati. Kwenye sikukuu ya parokia wasichana walifanya duara, ngoma ikapigwa, na mmoja aliingia katikati akazunguka kwa mguu mmoja hadi ngoma inyamaze. Huyo alikuwa mimi. Sikuwa mzuri kwa kuimba wala kwa sura, na hesabu usiniulize, lakini nikiingia pale katikati nilikuwa mtu. Ukumbi ulipotea, zikabaki rangi tu zikipita machoni, na tumbo likawa jepesi. Sijawahi kupata tena raha ya aina ile, na sioni aibu kusema hivyo.

Halafu likizo kubwa ikanikuza miguu. Tuliporudi hakukuwa na buti nyeupe hata moja iliyonitosha. Nilisukuma, nikavuta, nikapaka mafuta ya mawese kisiginoni, wapi. Zilizonienea zilikuwa nyeusi.

"Bon," mwalimu alisema, bila hasira. "Kama muguu iko ya mwanaume, iende kwa wanaume."

Nikauliza nani atazunguka katikati. Alisema atatafuta mwingine, isipokuwa mimi nipate buti nyeupe kabla ya sikukuu. Buti nyeupe, Kisangani! Ilikuwa kama kuniambia nilete tembo. Akaniruhusu nizibebe zile nyeusi nyumbani, nizoee.

Koko alipoziona nimezivaa uwanjani alisimamisha mchi.

"Vua. Nyeusi iko ya mimi. Weye hauna matanga."

Nilimweleza habari ya kifuniko na ya katikati. Alisikiliza huku anapuliza makaa. Jirani yetu, fundi viatu, mzee wa zile familia za Kiislamu za tangu zamani, naye alisikia juu ya ukuta wa matofali, kwa sababu kwetu ukuta haukuzuia kitu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwetu siku ya Ijumaa ni wanaume ndio wanavaa nyeupe," alisema. "Ambia mwalimu yako akuje musikitini, apange watu upya."

Lakini rangi nyeupe ya viatu hakuwa nayo, na mjini kote hakumjua aliye nayo. Koko akasema yeye atazifanya nyeupe. Si alikuwa anafanya mashati yangu ya shule yang'ae kwa wanga? Alikuna mihogo, akailoweka, akaikamua ndani ya kitambaa, akaacha maji yatulie kwenye beseni hadi wanga ukalala chini mweupe kabisa. Akaupika uji mzito, akaupaka kwenye zile buti kwa manyoya ya kuku, akazianika juu ya bati. Ukikauka anapaka tena. Kuku walipanda wakadonoa kisigino kimoja, tukarudia. Mwisho zilikuwa nyeupe kweli, nyeupe kuliko zile za wenzangu ambazo zilikuwa zimeshakuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Kosa letu lilikuwa moja. Shati la wanga ukilipiga pasi linakaa. Buti inakunjwa. Jumamosi ya mazoezi, hatua ya kwanza tu, nilisikia kifundo kinalia kra, nikaona mstari mweusi umefunguka. Nikanyoosha mguu. Nikajifunza kuteleza bila kukunja, wima kama msalaba wa maandamano. Mwalimu alifurahi. Alisema sasa natembea kama binti. Nilipoingia katikati nilizunguka polepole, mara mbili hivi, nikasimama kabla ya ngoma. Hakunikemea. Buti zilikuwa nyeupe, jibu lilikuwa sahihi.

Siku ya sikukuu koko alinipeleka mwenyewe. Tulipanda toleka mbili, baiskeli za abiria, yeye mbele na buti mapajani ndani ya mfuko, amezishika kama mtoto wa kubatizwa. Ukumbi ulijaa. Akakaa benchi la nyuma, mahali pa wajane, akanitazama nikipasha miguu moto. Kabla hatujapangwa aliniita kwa kidole. Tukatoka hadi nyuma ya ukumbi, kwenye pipa la maji ya mvua.

"Unaenda vile juu ya nini? Kama mutu anabeba mayayi."

"Itapasuka, koko."

"Na kuzunguka?"

Nilitikisa kichwa. Aliinama, akachovya pindo la kitenge chake cheusi ndani ya pipa, akaanza kufuta. Nilimshika mkono, akautoa. Wanga uliyeyuka, ukashuka kwenye mguu wangu kama uji, ukamwagika kwake, kitenge chote mbele kikawa na madoa meupe. Nililia kwa sauti. Niliona ameniharibia maisha, na kwa mtoto wa umri ule maisha yenyewe yalikuwa ni lile duara. Yeye aliendelea kufuta hadi ngozi nyeusi ikang'aa.

"Sasa kunja muguu," alisema. Nikakunja. "Ndo hivyo."

Mwalimu alitoka kunitafuta, akatazama buti, kisha akamtazama koko na kitenge chake. Nadhani alitaka kunyoosha rula, lakini kifuniko kilikuwa ndani.

"Mama, wasichana iko nyeupe."

"Mwalimu, mi ndiye niko mu matanga. Mutoto hana. Umuache azunguke."

"Na wasichana hawezi kuingia. Na wavulana hapana, amevaa robe." Akaonyesha gauni langu.

"Alors aingie yeye peke."

Nisikudanganye kwamba alikubali kwa moyo. Padri alikuwa ameshakaa, ngoma ilikuwa imeshaanza, na safu mbili zilikuwa zimeshaingia. Mwalimu alinisukuma kidogo mgongoni, nikaingia baada ya wote, mpaka katikati, bila safu. Nikakunja goti, nikazunguka. Rangi zilipita. Tumbo likawa jepesi. Ngoma iliponyamaza mimi bado nilikuwa nazunguka, na mpiga ngoma akalazimika kuanza tena. Watu walipiga makofi ya kawaida, kama walivyopigia wengine. Nilipotafuta benchi la nyuma niliona wajane wameketi, na koko amesimama katikati yao, mabega yake yanakwenda kushoto na kulia.

Mwaka uliofuata sheria ilikuwa ile ile na kifuniko kilikuwa pale pale. Msichana mwingine alipewa katikati. Hiyo ndiyo habari ya patini.

Ya kitenge iliendelea kidogo. Tulirudi kwa toleka mchana kweupe, mjane na nyeupe juu ya nguo za matanga, na amecheza, tena ukumbi mzima umeona. Kisangani haihitaji redio. Boti ya kwanza iliyoteremka mto ilipeleka Yanonge kwamba mke wa marehemu amejivua nyeusi mwenyewe. Wale ndugu wazito, waliokuwa wanasubiri maji na mavuno miaka yote ile, walifika kabla wiki haijaisha, wanaume kwa wanawake, wamevimba kwa hasira, wakitaka kujua nani amemvua.

Walimkuta koko na nyeusi yake yote, ameifua, safi. Alikuwa ametwanga lituma ya kutosha mtaa mzima, samaki wako sufuriani, na bia za kuazima mlango wa pili ziko kwenye beseni. Aliwapa viti, akawapa maji ya kunawa.

"Bon, juu mumeshafika, mutoe hii nyeusi," aliwaambia.

Wakatazamana. Wakala. Jioni ile ile wakamvua, wakamfunga kitenge cha manjano, na koko alicheza hadi fundi viatu akaja kusimama juu ya tofali ili aone vizuri.

Ule ukumbi siku hizi ni ghala ya saruji. Sanduku la patini sijui lilikwenda wapi, na nikiwauliza vijana wa parokia wananitazama kama ninayeota. Mwalimu alihamishwa, kisha tukasikia amefariki. Koko naye tulimzika, na nikimkumbuka nasikia uchungu wa kawaida, usiopiga kelele, hasa nikisikia mchi asubuhi kwa jirani. Hakuna tena anayejua ladha ya lituma yake isipokuwa mimi na mama.

Kwenye televisheni yule mwanamke wa buti nyeusi alimaliza, akainama, watu wakamtupia maua. Msichana akarudi kwenye nywele zangu.

Niliwahi kumuuliza koko, nikiwa mtu mzima, kama pale kwenye pipa alikuwa tayari anawafikiria watu wa Yanonge. Alikuwa anachambua samaki. Hakuinua hata kichwa.

"Mi nilikuwa nasafisha botine," alisema.